Mstari wa Werema

Werema tulimzika Jumamosi. Alikuwa mwalimu wetu wa ngoma kabla hajaenda Dar es Salaam kutengeneza filamu. Yeye ndiye aliyerudi na kamera, akatukuta tunaruka papo hapo kama watu wanaozima moto kwa miguu, akasema, "Vijana, kamera inachoka. Tembeeni!" Akatupanga mistari miwili, sisi huku, watu wa ng'ambo ya Mto Mara kule, ukiinua mguu, mwenzako anaweka wake pale ulipotoka. Gari la sinema lilipoleta ile filamu, kijiji kizima kilishangaa. Kumbe sisi na wale tunaweza kupendeza hivyo! Tangu siku ile, shule imeisha, jembe la shamba la ujamaa silitaki, nataka kuwa Werema tu.

Sasa msiba wenyewe. Wiki ile ng'ombe wa jirani yetu Heche walikuwa wameibwa, nyayo zimeingia mtoni. Basi wa ng'ambo hakuja hata mmoja. Tukacheza na mapengo. Mbaya, bwana. Unaruka, mbele yako hakuna mtu.

Ghafla Mniko akatokea, yule wa ng'ambo niliyecheza naye kwenye filamu, kafunga miguuni viatu vyake vya kuchezea, yale magogo ya mbao. Akaingia kwenye nafasi yake bila salamu.

Heche akaja na rungu. "We mura, we kijana, umeniletea ng'ombe wangu?"

"Nimekuja kumzika mwalimu, tata."

"Zika. Na wewe tutakuzika."

Mzee Kisyeri, mpiga litungu, lile zeze letu kubwa, hakuinua hata uso. "Heche, anayecheza msibani haguswi mpaka nyuzi zinyamaze. Umesahau?"

"Sijasahau. Piga basi. Utachoka."

Tukacheza mpaka jua likapinda. Vidole vya mzee vikaanza kutoka damu. Nikamnong'oneza Mniko, "Tembea. Kama kwenye filamu, mpaka ng'ambo." Mstari ukageuka, tukaanza kushuka mtoni, litungu linatufuata, Heche na wenzake pembeni.

Mto ulikuwa umejaa.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Nikivua nimeacha kucheza."

"Vua, we mjinga! Utazama!"

Akaliangalia rungu. Akaingia hivyo hivyo, magoti juu, hatua za Werema zile zile, maji kiunoni, maji kifuani. Halafu mbao zikaelea. Miguu ikaja juu, kichwa kikaenda chini.

Wa kwanza kutupa rungu na kujitosa alikuwa Heche. Anazama, anaibuka, anazama tena, anaita, "Mura! Shika mkono, mura!" Akatoka mikono mitupu, akakaa kwenye matope.

Litungu lilikuwa bado linalia huko nyuma ya watu. Nikapenya, nikamshika mzee mkono.

"Tata, acha. Inatosha."

Akanyamazisha nyuzi kwa kiganja.

"Amevuka?" akaniuliza.