Majani ya Wakwe

Kitu cha kwanza Mbinya alichokiona kutoka mlango wa jikoni ni kofia. Mzee Muthama, msemaji wa wageni, aliivua alipoingia, akaiweka gotini. Sahani ilipowekwa mbele yake aliitazama, kisha akairudisha kofia kichwani kama mtu anayetaka kuondoka.

Shangazi Ndila, dada wa marehemu baba yake Mbinya, aliwafundisha akina mama wa mji wa Kitui upishi wa kisasa. Alikuwa amesema kwamba wakwe kutoka Kasikeu, waliokuja kuzungumza mahari ya binti yake Nthenya, hawatarukia nyama kama watu wa sokoni. Wataanza na saladi isiyo na nyama na mikate ya chizi.

"Leo ikienda vizuri," alimwambia Mbinya asubuhi, "Januari unaingia darasa la sita."

Mbinya aliacha shule kule Kanyangi ili amsaidie shangazi kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ulikuwa umekula Januari mbili.

Basi aliosha majani ya saladi moja moja kwa maji ya chumvi, akayapangusa kwa kitambaa kama anayempangusa mtoto uso. Alikata matango membamba mpaka mwanga ukapita, akazungushia nyanya, akanyunyiza ndimu na mafuta. Mkate aliukata pembetatu, akaupaka siagi, akakwaruza chizi juu yake, akaufunika kwenye sufuria yenye makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Chizi ilipoanza kushika rangi, alitabasamu peke yake. Shangazi alizunguka meza na hakupata cha kukaripia.

Sasa mzee Muthama alisema polepole, "Mama Nthenya, sisi tumeleta mbuzi. Hatukuja kuwa mbuzi."

Mzee wa pili alinusa mkate, akaurudisha. "Na haya maziwa yalikufa lini?"

Hakuna aliyecheka. Kwa wazee hawa, kumwekea mkwe majani mabichi ni kumwambia arudi kwao na mali yake. Nthenya aliinamisha uso. Muthama alinyoosha mkono kuchukua fimbo yake.

Shangazi akaangua kicheko. "Wazee wangu, jamani! Ni huyu msichana wa kazi. Mbinya! Njoo hapa."

Mbinya akaja.

"Haya majani nilikuambia umpelekee nani?"



"Sungura," shangazi alijijibu. "Sema."

"Sungura, shangazi."

"Shangazi?" Muthama akauliza. "Kumbe ni wenu?"

"Aa, huku mjini kila mtu ananiita hivyo."

"Basi ayale yeye," mzee wa pili akasema. "Lakini kwanza afungue mdomo tuone kama ni mbuzi. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu."

Mbinya alifungua mdomo. Wazee walichungulia, wakacheka hadi machozi. Kisha alikula amesimama, jani baada ya jani, mpaka sahani ya Muthama ikabaki na mafuta tu. Nyama ikaletwa. Kufikia jioni mahari ilikuwa imekubaliwa.

Wageni walipoondoka, shangazi alikuja jikoni, akawa anatafuna mikate ya chizi iliyobaki.

"Umetuokoa," alisema, mdomo umejaa. "Lakini shule sasa haiwezekani. Wakwe wakisikia ninamsomesha yule wa sungura, si watauliza ni nani? Utaenda na Nthenya Kasikeu, umsaidie akipata watoto."

Mbinya alifungua mdomo aseme "ndio, shangazi" kama siku zote. Yakatoka yale mengine, yaliyokaa ndani yake tangu Kanyangi.

"Hukunichukua unisomeshe," alisema. "Ulingoja baba azikwe, ndipo ukaja, kwa sababu ulijua hakuna atakayekuuliza."