Kibao cha Nyanya za Saburi

Asubuhi ile Saburi alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, anafunga miche ya nyanya kwenye fito kwa kamba za mgomba. Alifunga kwa kulegeza kidogo ili shina lipate nafasi ya kunenepa, na kila alipokuta chipukizi limechomoza kwenye kwapa la tawi alilinyofoa kwa ukucha. Mbegu alizikamua mwenyewe kutoka kwenye nyanya iliyoiva kupita kiasi, akazianika juu ya majivu, akazisia kitaluni chini ya kivuli cha makuti, kisha akaiatika miche ilipofikia urefu wa kiganja. Samadi aliiomba kwa wenye mbuzi. Walipomnyima, aliizoa njiani.

Kwenye mche wa mwisho alikuta nyanya zimeng'atwa upande mmoja na kutupwa chini, kama mtu aliyeonja chumvi ya mchuzi akaondoka zake.

"Ngedere," alisema.

"Au Mwinjuma," mkewe Mwanakheri akajibu kutoka jikoni.

"Mwinjuma haachi nusu."

Kipande kile cha nyuma ya nyumba ndicho pekee kilichokuwa kimebaki. Kabla ya Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, Saburi alikuwa na mikorosho ya marehemu baba yake kuanzia njia ya Msimbu mpaka bondeni. Malori yakaja yakashusha watu na vitanda vyao, kijiji kikapimwa juu ya mikorosho ile ile, na Saburi, ambaye hakuhamishwa hata hatua moja, akawa mgeni kama wengine. Mwinjuma alishuka kwenye lori mojawapo, katoka upande wa Vihingo, kajitwisha godoro. Alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji kabla hajaezeka nyumba. Kiwanja chake kilipakana na kile kipande cha nyuma, chenye unyevu mwaka mzima, na alikwisha kusema mkutanoni kwamba ardhi isiyotunzwa itagawiwa kwa mwingine. Hakutaja mwingine huyo ni nani. Ndiyo maana Saburi alipanda nyanya pale, mboga inayotaka mtu kila siku, ili kila apitaye aone kwamba pana mtu.

Jioni zote Saburi alikuwa akienda kisomo cha watu wazima. Darasa lilikuwa kwenye ghala la korosho, na mwalimu alikuwa kijana wa Kihaya aitwaye Evodius, aliyeandika ubaoni kwa mwandiko mnyoofu na kukohoa vumbi la chaki. Ngedere walianza kuja pale kwa ajili ya mabibo yaliyokuwa yakiozea nyuma ya ghala. Mabibo yalipokwisha waliendelea kuja. Walikaa juu ya ukuta, chini ya paa, wakitazama ubao, na darasa lilipoimba silabi midomo yao ilicheza. Mwalimu Evodius hakuwafukuza. Alikuwa ameagizwa afute ujinga kijijini, na hakuna aliyemwambia aishie wapi. Hesabu hawakuzipenda, lakini katika kusoma waliwashinda watu wengi, hasa dume lao kubwa lenye sikio lililochanika, ambalo lilifuata kila neno kwa kidole hewani.

Saburi aliwachukia tangu wakiwa hawajui kusoma, na walipojua hakuona sababu ya kubadilika.

Siku alipoweza kuandika sentensi nzima bila kutazamia, alichukua ubao wa sanduku la chai, akaomba lami kwa watengeneza barabara, akaandika kwa kijiti: NYANYA HIZI NI ZA SABURI. MTU ASIGUSE. Akakisimika kibao kwenye mpaka wa kiwanja cha Mwinjuma, herufi zikimtazama Mwinjuma. Upande wa ngedere hakuweka maandishi. Aliweka kombeo na mawe.

Ngedere walikuja kabla jua halijawa kali. Waliketi mbele ya kibao, dume likapitisha kidole juu ya lami, neno baada ya neno, likarudia neno moja, kisha wote wakaingia bustanini na kula.

Jirani mmoja aitwaye Shomari, ambaye alikuwa akipita na jembe begani, alisimama kutazama.

"Kaka Saburi, wanakuonea nini? Umeandika mtu. Wale ni watu?"

"Pita na njia yako."

"Napita. Lakini ungekuwa makini kwenye imla usingeliwa."

Saburi aliokota jiwe, akaona aibu kulirusha kwa mtu aliyesema kweli, akalirusha kwa ngedere. Mchana aliongeza kwa lami: WALA MNYAMA. Tangu siku ile hakuna ngedere aliyeng'ata nyanya. Walikaa nje ya mstari wa fito, mikono magotini, wakitazama zinavyobadilika rangi.

Baada yao walikuja shore, ndege wenye kichwa cheusi na tabia ya kudonoa tunda lililoiva na kuliacha lioze. Saburi akaongeza: WALA NDEGE. Shore wakatua juu ya kibao, wakainamisha vichwa kukisoma kinyumenyume, wakaruka kwenda kwenye mapapai ya Shomari. Kobe aliyekuwa na mazoea ya kula nyanya za chini alichukua asubuhi nzima kufika mwisho wa sentensi, kisha akageuka. Kenge ndiye aliyesumbuka. Alilala mbele ya kibao muda mrefu, akitoa ulimi, asijue kama yeye huhesabiwa mnyama au vipi, na mwisho akaondoka kwa tahadhari. Konokono hawakusoma. Hao Saburi aliwamwagia majivu.

Bustani ikatulia. Ngedere wakawa walinzi bila kuombwa. Mbuzi wa mtu akisogea walimrudisha kwa kumvuta masikio. Watu waliokuwa na desturi ya kuchuma moja mbili wakielekea kisimani waliacha, kwa kuwa dume lenye sikio lililochanika liliwashika nguo na kuwaelekeza kwenye neno la kwanza la mstari wa pili, hata wale ambao hawakujua kusoma.

Nyanya zikaiva. Mwinjuma akaja.

Mwinjuma alikuwa mtu wa adabu. Hajawahi kuchukua kitu cha mtu bila kumwamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee Saburi."

"Marahaba. Umesoma hapo?"

"Nimesoma. Mwandiko mzuri, mzee wangu. Kisomo kimetusaidia."

"Basi soma tena."

"Mtu asiguse," Mwinjuma alisoma kwa sauti. "Ni haki. Ningekuja kama mtu, ningerudi. Lakini leo sikuja kama mtu. Nimekuja kama kijiji."

Akatandaza kanga ya mkewe chini, akaanza kuchuma. Ngedere walitazama mikono yake, wakatazama kibao, wakatafuta neno kijiji, hawakuliona. Hawakumgusa.

"Ulikuja hapa juzi na godoro kichwani!" Saburi alipiga kelele. "Nilikupa maji ya kunywa mimi! Leo unajiita kijiji?"

"Na maji yale nilishukuru," alisema Mwinjuma, akafunga kanga fundo mbili.

Kesho yake Mwanakheri alitaka nyanya za mchuzi. Saburi aliingia bustanini, akanyoosha mkono, na dume likamshika kifundo. Lilimvuta taratibu mpaka kwenye kibao, likaweka kidole juu ya neno MTU, kisha likaweka kidole kile kile kifuani pake.

"Niachie, shetani we! Zangu hizi!"

Dume lilisubiri. Saburi alijikwapua akarudi kwenye miche, na safari hii dume lilimng'ata, si sana, kiasi cha mwalimu kumfinya mwanafunzi. Saburi akaingia ndani akivuja damu mkononi.

Mwanakheri alimfunga kitambaa. Alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno.

"Baba Tatu, dunia nzima watu hufukuzwa na wenzao. Wewe umejifukuza kwa mwandiko wako."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Leo tunaungia ukwaju."

Saburi hakulala mchana ule. Alikaa na kijiti chake akitafuta neno. Alijaribu majina ya watu wote nyumbani mwake, akayaona mengi mno. Alijaribu familia, likaonekana neno la wasomi. Mwisho akapata. Alikwenda nje akaandika chini ya yote, kwa herufi kubwa kuliko zote: ISIPOKUWA MWENYEWE. Akarudi nyuma akalitazama. Hakuna neno alilowahi kuliandika lililompendeza vile. Ngedere nao walilisoma, wakapandisha macho mpaka juu palipoandikwa ZA SABURI, wakamfungulia njia. Siku hiyo alichuma tenga zima, akala nyanya moja na chumvi pale pale, amesimama, maji yake yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akitazama dirisha la Mwinjuma.

Mwinjuma alimwona. Hakuja siku ile. Alikuja baadaye na kibao chake, kilichochongwa na fundi na kupakwa rangi nyeupe, akakipigilia chini ya kile cha Saburi. Kilisema: ARDHI YOTE NA VILIVYO JUU YAKE NI MALI YA KIJIJI. Kwenye pembe kulikuwa na muhuri wa zambarau, ambao wino wake haujakauka.

"Shikamoo, mzee."

Saburi hakuitikia.

"Sijagusa kitu," alisema Mwinjuma. "Nimeongeza maelezo tu."

Ngedere walikaa mbele ya vibao viwili kutwa nzima. Walisoma cha kwanza, wakasoma cha pili, wakarudia cha kwanza. Majike yalibishana kwa kupigana makofi. Dume liliunusa muhuri, likaulamba, likakunja uso. Jua lilipopinduka lilisimama kwa miguu miwili, likaanza kukwaruza lami kwa kucha, polepole na kwa uangalifu, kama mtu anayesahihisha. Lilipomaliza, jina la Saburi halikuwepo tena. Palibaki NYANYA HIZI NI ZA, halafu ubao mtupu, kisha makatazo yote kama yalivyokuwa, na mwisho kabisa, kubwa kuliko yote, ISIPOKUWA MWENYEWE.

Kisha walichuma nyanya zote nyekundu, wakaziweka kwenye tenga la Saburi, wakalibeba wawili wawili mpaka barazani kwa Mwinjuma, ambapo ofisi ya kijiji ilikuwa imewekwa kwa muda hadi ofisi itakapojengwa.

Saburi alidai mkutano, akapewa. Watu walijaa ghalani, ngedere wakakaa mahali pao juu ya ukuta.

"Mimi sina ugomvi na ngedere," alisema Saburi, na hilo halikuwa kweli. "Ninauliza watu. Ghala hili lina korosho za nani? Mikorosho iliyoko nje aliipanda nani? Baba yangu aliipanda mpaka mikono yake ikaota sugu. Mnakaa juu ya jasho lake nyote, sijawadai. Nimedai kipande cha nyuma ya choo changu. Semeni basi, mwenyewe ni nani?"

Watu walitazama chini. Kila mmoja wao alikuwa na mkorosho au miwili uani kwake, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuzoea kuiita yake.

"Tumuulize mwalimu," alisema Mwinjuma. "Suala ni la kusoma."

Mwalimu Evodius alisimama, akapangusa chaki kwenye suruali. Alitazama kule walikokaa ngedere, akamtazama mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika wilayani kuhusu maendeleo ya kisomo.

"Kwa jinsi vibao vilivyo," alisema, "ngedere wamesoma sawasawa."

"Nakuuliza wewe, mwanangu," Saburi alisema. "Wewe ungesoma hivyo?"

"Ningesoma hivyo hivyo, mzee."

"Basi bora wao. Wao hawajui uwongo, wanajua herufi tu."

Mkutano ukafungwa kwa kaulimbiu, na watu wakaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tangu hapo mambo yakawa na utaratibu. Nyanya zikiiva, ngedere huzichuma bila kuzing'ata na kuzipeleka barazani. Mwinjuma huzipokea kwa niaba ya kijiji, mkewe huzipika kwa niaba ya kijiji, na zinazobaki hupanda lori kwenda sokoni Kisarawe. Saburi hakukatazwa kupalilia, kufunga matawi wala kumwagilia, maana hakuna kibao kilichosema asifanye. Akiacha, miche itakauka, na ardhi isiyotunzwa hugawiwa kwa mwingine. Kwa hiyo hakuacha. Alilala na hasira, akaamka nayo, akaipeleka bustanini pamoja na debe la maji.

Siku moja ya kiangazi, mchana, alikuwa peke yake kati ya mistari. Mbele yake ilining'inia nyanya moja kubwa, imeiva mpaka imeanza kupasuka karibu na kikonyo. Aliangalia kulia na kushoto, kisha akaishika. Ilikuwa ya moto kwa jua, na nzito.

Dume lilitoka chini ya majani. Safari hii halikumng'ata. Liliushika mkono wake, likabandua vidole vyake kutoka kwenye nyanya, kidole baada ya kidole, mpaka mkono ukawa mtupu. Kisha likakaa pembeni kumpisha.

Udongo kwenye mashina ulikuwa umeanza kupasuka. Saburi akachukua debe, akashuka bondeni kuchota maji mengine, kwa sababu jua lilikuwa kali na nyanya hazikuwa na kosa.