Mwembamba wa Ukoo Mnene

Katika ukoo wa watu wanene, fundi seremala mmoja alitokea mwembamba hata ndugu zake wakamwita Kijiti. Alikula akashiba, akaongezwa akamaliza, na mkanda wake ukabaki kwenye tundu lilelile. Akajiona mteule. Aliyeumia kwa maneno yake ni dada yake mkubwa, msusi mwenye saluni mtaa wa pili.

"Dada, kiti hicho ni cha mbao ngumu," alikuwa akimwambia, "lakini usikijaribu sana!"

Dada alizoea kucheka. Ila alipofikia umri aliofia baba yao, kicheko kikaanza kumkauka. Baba alianguka akipanda ngazi kazini, moyo ukasimama papo hapo. Baba mdogo naye akaondoka hivyohivyo. Asubuhi moja dada akaingia karakana, akamzimia Kijiti mashine ya randa.

"Twende kliniki nikapimwe. Naogopa peke yangu."

"Nakusindikiza tu," alisema Kijiti, akijipangusa vumbi la mbao. "Wenye mizigo ndio wapimwe."

Daktari, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, alisikiliza habari za baba na baba mdogo, kisha akamgeukia Kijiti.

"Ninyi baba mmoja, mama mmoja? Basi na wewe kunja mkono wa shati."

Majibu yalipotoka, Kijiti alikuwa ameshatafuta maneno ya kumfariji dada. Hayakuhitajika. Presha ya dada ilikuwa imepanda kidogo, lakini mafuta kwenye damu yake yalikuwa ya kawaida. Ya Kijiti yalikuwa juu mno.

"Daktari, umechanganya majibu. Hebu nitazame!"

"Mafuta ya damu hayaonekani kwa macho, baba. Haya ni ya ukoo. Mwili wako hauyaondoi inavyotakiwa, hata ukiwa mwembamba kama ufito. Dada karithi umbo, wewe umerithi haya."

"Yaani mzee hakuniachia hata bati moja la nyumba, kaniachia mafuta?"

Dada aliangua kicheko, na daktari naye akashindwa kujizuia. Kisha dada akaishika mikono yote miwili ya mdogo wake.

"Kurithi si kuhukumiwa," alisema daktari. "Dawa kila siku, vya kukaanga upunguze, na miguu uitumie. Dada, wewe presha tutaiangalia. Na ndugu wengine waleteni."

Ndugu mwingine alikuwa mmoja tu, kitinda mimba wao, dereva wa lori mji wa mbali. Walipotoka nje Kijiti akampigia simu papo hapo, akamsimulia yote bila kujificha.

"Kaka, mimi mzima kama ng'ombe!" dereva alijigamba.

"Hata mimi nilikuwa mzima mpaka saa nne leo. Nenda kapime."

"Wanachoma sindano?"

"Wanachoma."

"Mh. Basi dada aje anishike mkono."

Dada akaipokonya simu. "Ninakuja, mwanangu. Na huyu Kijiti namleta, akuonyeshe palipochomwa."

Wakashuka barabarani kutafuta tiketi za basi la kwenda kwa dereva, dada akitangulia kwa mwendo wa haraka, Kijiti nyuma yake akicheka na kuhema.