Patapata za Apiyo

Kwa miaka mingi Akoth hakuhitaji ufunguo. Akitoka kazini kiwandani Ruiru, alibisha mlango wao kule Mugutha, na mama yake, Apiyo, akaitika, "Ngoja, nakuja." Kisha patapata zikasikika zikiburutwa sakafuni, polepole, mpaka mlangoni.

Ndipo Apiyo akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Katika wodi ya hospitali huko Thika, daktari aliwaambia wazi: kwa mtu wa umri wake, kulala kitandani ni hatari. Apasuliwe mapema, kabla mapafu hayajaugua na misuli haijalegea. Apiyo akashinda na njaa akingoja zamu yake. Jioni wakamwambia kesho. Kesho ilipofika, akasogezwa nje ya chumba cha upasuaji, ikabaki nafasi moja tu. Kwenye kitanda cha pili pale alilala Eddie, kijana wa boda boda kutoka Ngoingwa, mguu umevunjika, ameuma shuka ili asilie.

"Mchukueni huyu kwanza," Apiyo akasema.

"Mama, ni zamu yako," Akoth akamsihi.

"Nyathina, mwanangu, mimi mzee nakimbilia wapi? Huyu ni mtoto wa mtu."

"Asante, shosho," Eddie akanong'ona.

"Kwetu bibi tunamwita dani. Na ukipona, uendeshe polepole."

Daktari akasita, akautazama ule mguu, akakubali. Akoth angemkatazaje mama yake wema?

Asubuhi Apiyo akaamka na kikohozi, kisha homa. Mapafu yakaugua, upasuaji ukaahirishwa wiki mbili. Mwishowe ulikwenda vizuri, ila miguu ilikuwa imekwisha kusahau kazi yake.

Sasa Akoth hutembea na ufunguo. Bado husimama kidogo mlangoni kabla ya kufungua, akisikiliza.

Jumapili moja wakasikia hodi.

"Ngoja, nakuja," Apiyo akaitika kutoka kitini, kwa mazoea. Halafu akainamisha kichwa. Akoth akajifanya hakusikia, akaenda kufungua.

Alikuwa Eddie, na mkungu wa ndizi begani.

"Dani, habari ya siku nyingi?"

"Tembea nikuone."

Eddie akaenda mpaka dirishani, akarudi. Apiyo akamfuata kwa macho, kama mtu anayeitazama njia ya kwao.

"Tena," akasema.

Eddie akatembea tena. Akoth akazitoa patapata chini ya kitanda, akazipangusa vumbi, akamvisha mama yake.

"Za nini hizi?"

"Mlango uko pale, Mama. Tutakushika."

Apiyo akautazama mlango.

"Basi atakayebisha atangoja sana," akasema, akawanyooshea mikono yote miwili.