Mikono Kwenye Shuka Jeupe

...na imeganda hapohapo, katikati ya maji, kati ya picha zote za filamu nzima imechagua hiyo, mikono miwili imekishika kisigino cha Petro juu ya beseni, mikubwa kama milango ya ghala pale kwenye shuka jeupe, na Mwalimu Alen ameinamia kompyuta yake anabonyeza, anasema samahani ndugu zangu, imestaki kidogo, vumilieni... kidogo gani, mwalimu, dakika moja ni mwaka mzima ukiwa umekaa benchi la tatu na mikono yako umeificha chini ya kitenge, na mikono yako hiyohiyo iko ukutani inatazamwa na usharika mzima, wazee wa kanisa mbele, kwaya pembeni, watoto chini sakafuni, mama mkwe wangu hapa ubavuni kwangu anatafuna hewa kama anavyofanya akiwa anafikiri, hata Mzee Hamza jirani yetu amekuja na kofia yake, yuko kule mlangoni karibu na blanketi tulilozibia mwanga wa mchana, na kwa kweli ukitafuta chanzo cha mambo yote haya utamkuta yeye, maana zizi lake ndilo tulilofanyia Bethlehemu, na siku anaturuhusu alisema neno moja tu, Isa ni nabii wetu pia, mkimtia sura mimi na wanangu hatutaweza kuja kutazama, na Alen, ambaye ndiye aliyeitunga filamu na ndiye aliyekuwa Yesu mwenyewe, akakuna kichwa akasema sawa mzee, uso hatutauonyesha, tutaonyesha mgongo, kivuli, mikono... mikono, haya, ukimficha mtu uso watu watatazama nini, watatazama mikono, na ndivyo tulivyofika hapa.

Katibu Kristian amesimama, nilijua tu atasimama, yule hawezi kuona kimya akakiacha, anasema kwa kuwa Mungu mwenyewe ameisimamisha picha mahali pake basi na sisi tuseme yetu palepale, na watu wanacheka kidogo, naye hacheki, anasema tangu habari zitoke kwamba mikono hii si ya Mwalimu Alen, kwamba ni ya mwanamke, hajalala, anapigiwa simu na watu wa mitaa mingine wanamuuliza je, katibu, huko Kwai mmempata Yesu wa kike, na filamu hii inatakiwa ipelekwe Lushoto, ipelekwe Bumbuli, sasa kabla haijapanda gari yeye anashauri tukio hili likatwe, likatwe lote, kuanzia beseni linapoingia mpaka taulo... Bumbuli, amesema Bumbuli, na mimi kwetu ni Bumbuli, mama yangu yuko kule, macho yake bado yanaona ingawa miguu imegoma, nimemwambia kwenye simu kwamba kuna filamu inakuja, mwombe mtu akubebe, kuna mahali utaona kitu unachokijua, akaniuliza kitu gani nikamwambia utakiona, maana mikono hii nimeirithi kwake, mchuma chai yule, viganja vipana, dole gumba limekaa kama kisiki, nilitaka aione ukutani kabla hajaondoka duniani, hicho tu ndicho nilichotaka, sikutaka jina wala kupigiwa makofi, na sasa Katibu Kristian anataka kuikata kama mtu anayekata kucha.

Analisogelea shuka, ananyosha kalamu yake, anagonga pale pale kwenye dole gumba, shuka linatikisika na mikono nayo inatikisika kana kwamba nimepata baridi, anasema tazameni ndugu, dole gumba hili, ngozi hii, hizi nyufa, hivi kweli... na wengine wanaguna, na mimi chini ya kitenge dole gumba langu linajikunja lenyewe, limezoea, limekuwa likijikunja tangu siku ya kwanza nilipoletwa kwa watu wa mume wangu, mama mkwe alipokea mkono wangu wa salamu, nikamwambia shikamoo mama, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini, kama mtu anayekagua kiazi cha mbegu, akamwambia mwanawe mbele za watu kwamba mghosi, ndivyo wanavyowaita wanaume huku, umetuletea mikono ya mwanaume, na watu wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanya nini, lakini tangu siku hiyo nikajifunza kuificha, kwenye picha nimeiweka nyuma, kanisani naikalia, siku ya ndoa pete ikakwama kwenye kifundo mchungaji akangoja, akangoja, mpaka tukaihamishia kidole cha mwisho na kwaya ikaanza kuimba mapema kutuficha aibu, na mama mkwe si mtu mbaya, hapana, siku mundu uliponikata nikifyeka majani ya ng'ombe ni yeye aliyechana kitenge chake kipya akanifunga, akanilisha uji kama mtoto, hilo nalo nalikumbuka, kovu lile liko palepale ukutani sasa, linapanda toka kwenye kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo cha mkono, kubwa kama njia ya mguu... na mama mkwe ameacha kutafuna.

Ameliona. Kalifunga yeye, hawezi kulisahau. Simwangalii.

Na laiti wangejua jinsi ilivyokuwa, kwamba hakuna aliyepanga mwanamke, tulikuwa kwenye ghala la viazi, hilo ndilo lilikuwa chumba cha karamu, tumetandika mikeka, kunanuka udongo, Julai ile, baridi ya Kwai ambayo hata ng'ombe anaijutia, Alen amepiga magoti kwa kanzu yake nyeupe mbele ya Mzee Sefania, na Mzee Sefania ndiye Petro, na Mzee Sefania ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na zaidi ya yote Mzee Sefania ni mkwe wake Alen, amemuoa binti yake, na kwetu mkwe humgusi, hata kiti alichokikalia unakisubiri kipoe, sasa Alen ananyosha mkono na kuurudisha, Mzee Sefania anavuta miguu, wanajaribu tena, Alen anaurudisha tena, mzee anavuta tena, akasema mimi mkwe wangu anishike miguu, laana hiyo ataibeba nani, na mpiga picha akasema lakini mzee, Petro naye alikataa, endelea kukataa hivyohivyo, mzee akasema Petro alikataa kisha akakubali, mimi nakataa moja kwa moja, na wale mitume wengine, vijana wa kwaya wote wale, huyu anamwita babu, huyu anamwita mjomba, kila mmoja anatazama darini, na maji yanapoa, nilikuwa nimeyachemsha mimi, nimeshika birika na beseni pembeni, na mtu mzima amekaa pale miguu wazi kwenye baridi, vidole vimeanza kuwa vya majivu... sikufikiri filamu, Mungu anajua, nilifikiri baridi tu, nikasema mimi nimeolewa toka mbali, sina udugu naye, nipeni hiyo kanzu.

Nikaivaa, nikavua pete, nikapiga magoti, na kwa mazoea nikasema shikamoo baba, naye akaitika marahaba mwanangu, nadhani tangu dunia iumbwe ndiyo mara ya kwanza Yesu kumwamkia Petro, Alen baadaye akaitoa sauti akaweka wimbo wa kwaya, lakini ukitazama vizuri utaiona midomo ya Petro inasema marahaba... nikauchukua mguu wake, mzito, mkavu kama ganda la mti, nikaumwagia maji, nikapitisha kidole kati ya vidole vyake kama ninavyomwosha mwanangu anapotoka shambani, na kisha mguu wa pili, na nilipoinua macho nikaona Petro analia, hakikuandikwa kilio, analia kimya, ndevu zinatetemeka, mkewe alikuwa ametangulia mwaka ule, na mpiga picha aliendelea tu kupiga, na tulipomaliza Mzee Sefania akavaa viatu akaondoka bila kuaga, na mpaka leo, mpaka dakika hii, hajanitaja, nami sijajitaja, na leo yeye ndiye mwenyekiti, amekaa benchi la mbele, ninaona kisogo chake tu, hakigeuki.

Katibu Kristian bado, anasema Bwana wetu alikuwa mwanaume, mikono yake tunaijua... tunaijua wapi, katibu, nani aliiona, labda unasema yule wa kwenye kalenda yako ya sebuleni, yule mweupe mwenye vidole laini kama karani ambaye hajawahi kushika hata ufagio, huyo ndiye unayemjua, lakini si umesoma mwenyewe kwamba alikuwa seremala, kabla hajahubiri alipiga randa, alibeba mbao, seremala mwenye vidole laini huyo ni mwizi wa mbao, muulize fundi yeyote hapa Kwai akuonyeshe mikono... na wazo hili limekuja lenyewe, sikuliita, limekuja nikiwa naitazama mikono ile, kwa sababu sijawahi kuitazama hivi, nani hukaa akaitazama mikono yake kimya kimya, ipo kazini muda wote, au imefichwa, lakini leo imeganda, haina pa kukimbilia, na mimi sina pa kuangalia pengine, na naona namna ilivyokishika kisigino kile, haijakibana, haijakilegeza, maji yanadondoka kwenye dole gumba na tone moja limesimama hewani, na nyufa zile, nilidhani zitaonekana chafu, hazionekani chafu, zinaonekana kama mikono inayojua, mikono iliyotoa viazi ardhini na ndama tumboni, na ikanyonyesha, na ikafunga sanda, kama mimi ningekuwa nimechoka njia nzima kwa miguu na kesho nakufa, au kesho rafiki yangu anakufa, ningetaka kushikwa na mikono ipi, ya karani wa kalenda au hii... hii, ee Mlungu, hii, mizuri, ni mizuri jamani, mbona hakuna aliyeniambia.

Anasema mwenye mikono hii kama yumo humu ndani asimame tumjue, na vijana wa kwaya waliokuwa ghalani wanatazama darini kama siku ile, Alen ameacha kubonyeza, hanitazami, mwaminifu yule, na moyo wangu unapiga lakini si ule wa woga, ninaujua wa woga, huu ni ule wa siku ng'ombe anapozaa salama, na natoa mikono yangu chini ya kitenge, ninaiweka mapajani, waziwazi, kovu juu. Mama mkwe anaitazama. Anatazama ukutani. Anaitazama tena. Ananiinamia sikioni, ninasikia harufu ya tumbaku yake ya kunusa.

"Nilisema ya mwanaume," ananong'ona. "Sikusema mwanaume gani."

Na kicheko kinanipanda tumboni, nakibana, kinatokea puani, miaka yote ile nimebeba neno lile kama jiwe kwenye kiatu na leo mwenye jiwe amekuja kulitoa mwenyewe, na uso wake hata haujabadilika, bibi huyu, na kule mbele kisogo cha Mzee Sefania kinasogea, anainuka, polepole, ameshika magoti, anageuka kwa watu na mikono yangu iko nyuma yake, kubwa, pande zote mbili za kichwa chake.

"Katibu, kaa kidogo," anasema. "Miguu hii ni yangu. Ninyi mnatazama picha. Mimi nilioshwa."

Na hasemi zaidi, hasemi ni nani, ananiachia mimi, nimeliona hilo, ni heshima hiyo, anasema tu kwamba wanaotaka tukio libaki wanyoshe mikono, na Katibu Kristian amekaa, kalamu mkononi haina pa kugonga, na kwa muda wa kufumba na kufumbua hakuna anayenyosha, kila mtu anamsubiri mwenzake kama kawaida yetu, na mimi ninaunyosha wangu, sikuupeleka, umekwenda, umepanda juu ya kilemba changu ukaingia kwenye mwanga wa projekta unaotoka nyuma yangu, na kivuli chake kimeanguka kwenye shuka pale mbele, kiganja kipana, dole gumba kama kisiki, kimelala juu ya mkono ulioganda, kimetoshana nao, na sauti inapita ukumbini kutoka mbele mpaka nyuma, si kelele, ni kama watu wote wamevuta pumzi pamoja, na ninausikia mkono wa mama mkwe ukipanda kando yangu, bangili zinagongana, kisha kwaya, kisha wazee wa mbele, wawili, watatu, na Mzee Hamza mlangoni naye amenyosha, kisha amekumbuka kwamba yeye si msharika ameushusha, kisha ameunyosha tena... mama, watakubeba, utakaa mbele, utauona... na Alen anafuta macho kwa shavu la mkono anarudi kubonyeza, anabonyeza, haiendi, tone la maji bado limesimama hewani, na mkono wangu uko juu sina haja ya kuushusha, iache, mwalimu, iache kidogo, bado natazama.