Tangi la Saba

Halfani alivuta kamba mara nne. Ya tano injini ikakoroma, ikatoa moshi wa buluu, ikawaka. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, katika karakana yake ya pampu za maji pale Nkuhungu. Kigari chenyewe, cha kuchezea cha rimoti, urefu wa dhiraa moja tu, kilikuwa juu ya tofali, magurudumu yakizunguka hewani. Raheli, mwenye kigari, alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akichambua choroko.

Kigari kilikuwa cha marehemu mumewe, Yotham, aliyekuwa mlinzi wa kambi ya barabara. Mhandisi mmoja mgeni alimwachia siku anarudi kwao, kikiwa bado ndani ya boksi pamoja na rimoti yake. Yotham alikiweka juu ya kabati miaka sita, akisema siku akipata mafuta yake atakisikia. Hakuyapata. Sasa binti yao Zipora alikuwa ametuma chupa mbili za mafuta hayo kutoka Dar es Salaam, na Raheli alitaka kukisikia kwa niaba ya marehemu.

Halfani hakuwahi kushika injini ndogo namna ile. Alikuwa ameisoma karatasi ya maelekezo siku tatu, kamusi pembeni.

"Ikiwa mpya, pistoni inabana," alimweleza. "Unainywesha mafuta kupita kiasi, inaunguruma taratibu mpaka tangi liishe. Halafu unaiacha ipoe, pistoni ikiwa chini kabisa, isije ikang'ang'ania juu. Matangi sita hivyo hivyo. La saba ndipo unaanza kukaza sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta, kidogo kidogo, mpaka ipate sauti yake."

"Na ukiharakisha?"

"Unaiua."

"Basi usiharakishe, fundi. Kungoja nimeshazoea."

Tangi la kwanza lilidumu dakika kumi, na harufu ya mafuta ya nyonyo ikajaa karakana. Katika tangi la pili injini ilianza kukohoa, kikohozi kikavu, mara mbili mbili.

"Mafuta yamezidi mno," alisema Halfani, akachukua bisibisi.

"Iache. Huyo ni Yotham. Vumbi la barabara lile."

Halfani aliirudisha bisibisi mahali pake. Katika daftari lake aliandika: *Tangi la 2. Joto sawa. Moshi mwingi. Anakohoa. Ndivyo alivyo, asirekebishwe.*

Tangi la tatu injini ilipiga mluzi wa kurudisha mifugo, na mbuzi wawili wa jirani wakaingia karakana, wakasimama wakingoja. Halfani aliwatoa kwa ufagio. Tangi la nne ilisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," na Raheli akaitikia bila kuinua macho kwenye choroko. Halfani aliyaandika yote mawili.

Injini ilipokuwa inapoa baada ya tangi la tano, Raheli alimweleza habari ya kaburi. Yotham alizikwa ukingoni mwa shamba lao kule Nzuguni. Baada ya mazishi yeye alikwenda Mpwapwa kumuuguza mama yake miaka miwili. Aliporudi, shamba lilikuwa viwanja, barabara na mageti. Wapimaji walikuwa wamepita, mawe ya kaburi yameondolewa, na kwenye ramani hapakuwa na chochote.

"Kwetu hatuonji mavuno mapya kabla marehemu hajamwagiwa unga na maji," alisema. "Mwaka wa nne huu nalima uwele kwenye shamba la kukodi, navuna, nagawa. Mimi mwenyewe nala wa zamani, wa kununua. Viwanja vyote nimevizunguka, fundi. Mageti yote yanafanana."

"Pole, mama," alisema Halfani. Aligusa kichwa cha injini, akaona kimepoa, akajaza la sita.

Tangi la saba lilihitaji uwanja. Jumamosi walikwenda kwenye kiwanja cha mpira cha Nzuguni, Raheli akiwa na unga kwenye kitambaa na chupa ya maji, kama alivyobeba kila mara alipofika upande ule. Halfani alikizungusha kigari, akakisimamisha, akakaza sindano kiasi cha unene wa ukucha, akadondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini. Tone likachemka polepole, kama karatasi ilivyotaka. Akarudia. Mara ya nne sauti ikanyooka.

"Hapo hapo," alisema Raheli.

Tangu hapo kigari hakikuitii rimoti. Kilitoka uwanjani kwa mwendo wa mtu anayerudi shambani, kikakunja mahali pasipo na njia, kikapenya ukuta wa tofali. Ukuta ulibaki mzima. Wao walizunguka, wakagonga geti.

Alifungua mwanamke kijana, jina lake Sabiha, mwiko mkononi.

"Shikamooni. Kama mnakifuata kigari, kiko jikoni. Vueni viatu tu, nimetoka kudeki."

Kilikuwa kimesimama chini ya jiko la gesi, dirishani, kikinguruma kwa upole.

"Yuko hapa," alisema Raheli. "Mume wangu."

Sabiha alitazama vigae. "Mama, mimi kiwanja nimenunua. Hati ninayo."

"Najua, mwanangu. Sikuja kukutoa."

Sabiha alifikiri. "Ndiyo maana hapa chakula hakijawahi kuniungulia. Hata nikisahau kabisa."

"Alipenda kuangalia sufuria, yule. Ahsante kwa kukaa naye."

Sabiha alizima moto. Yeye na Halfani wakalihamisha jiko. Raheli alimwaga unga, kisha maji, akasema maneno machache. Vigae viliyanywa yote, wala hapakuhitajika tambara. Injini ikazimika yenyewe, tangi likiwa nusu.

Jumatatu walikwenda wote watatu ofisi ya ardhi kuomba kaburi liandikwe kwenye ramani. Karani aliikunjua ramani, akaweka kidole kwenye mraba mweupe.

"Hapa hakuna kaburi. Na muda wa malalamiko ulishafungwa."

Ndani ya begi la Halfani, alimokuwa amekitia kigari, injini ilikohoa, mara mbili.

"Pole kwa kikohozi, mzee," alisema karani, akaikunja ramani.

Mchana ule Raheli alisonga ugali wa uwele mpya jikoni kwa Sabiha, wakaula kwa mlenda. Alikula taratibu, akaongeza mara mbili, akamshukuru Halfani kwa kila tangi, akiyataja moja moja. Halfani akaomba maji ya kunawa.

Ramani haijabadilika. Jiko la Sabiha liko kwenye kona isiyo na dirisha, naye hupika akitoka jasho. Wageni wakimuuliza kwa nini asiliweke pale penye hewa, huwaambia kwamba pale pana mtu, nao hupita pembeni.