Kiti cha Mbele

...na kumbe kiti cha mbele kina nafasi yote hii, mtu unakaa ukatanua mabega, huna mgongo wa mwenzio puani, Hilda aliwaza, akaivuta kanga aliyoifunga juu ya gauni isimbane mapajani, akanyoosha miguu, ikagusa chini, vidole tu, lakini imegusa, na Daimu muuzaji alikuwa bado anaongea na Aidan, "hii si pikipiki ya mchezo, mwalimu, Wajerumani wametoka nayo kwao, mtu na mkewe, jangwa lote wamelikata, walipofika hapa Songea wakasema basi, wallahi, wakaniuzia wakapanda basi," anaongea na Aidan kana kwamba Aidan ndiye mnunuzi, Aidan ambaye hata baiskeli anaiogopa, mwanawe wa kumzaa, mtu mzima mwenye watoto watatu, amekuja naye hapa Majengo ili asije akasema hakuambiwa, basi, lakini pesa ni yake Hilda, ya mashine yake ya kusaga, na siku hizi hakuna kibali cha ofisi wala barua ya bwana mkubwa, unaona kitu unakitaka unanunua, hata kama ni mjane na nywele zimeshaanza kuwa nyeupe... tangi lina joto la jua, zuri, kama mgongo wa ng'ombe, na haya masanduku mawili ya pembeni, hili la nguo, hili la chakula, aende Tunduru kwa shoga yake Biasha, kila mwaka Biasha anamwambia njoo msimu wa korosho, na kila mwaka anajibu mwakani Mungu akipenda...

"Mama ana presha kidogo," Aidan alikuwa anasema, presha gani, nesi alisema punguza chumvi, hakusema punguza safari, na Daimu anauliza, "kwa hiyo utamwendesha wewe?" na Aidan anacheka, "mimi? tutatafuta dereva," dereva! Yesu na Maria, apande tena nyuma, wakati barabara yote ya Hanga aliijua kwa upande tu, maana mwanamke hupakiwa kiupande na gauni lake, mbele yake shati la kaki la marehemu mumewe Pankrasi, bwana shamba, limelowa jasho, na aliupenda mgongo ule, asiseme uongo, aliulalia, alisinzia juu yake, lakini kila kitu alikiona kikiwa kimeshapita, shamba, mtu, mbuzi, vyote vinarudi nyuma... isipokuwa Jumapili ile baada ya misa, kwenye uwanja wa mpira, Pankrasi alipomkalisha mbele kwa utani, akamwonyesha klachi, akamwonyesha gia, naye Hilda akazunguka uwanja mzima, na Pankrasi anapiga makofi, "mama Aidan, unaendesha kama unasonga ugali!" na ni kweli, kwa nguvu, na unaiva...

"Mama, shuka basi, utaangusha mashine ya watu," na Aidan amemgeukia Daimu, anaanza ile hadithi, anaipenda mno, huwasimulia hata wanafunzi wake, aliisimulia makaburini baba yake alipozikwa, "pikipiki ni kazi ya wanaume kama marehemu mzee, alipata malaria ya kichwa kule Hanga, mvua inanyesha, gari la watawa halipo, akajikaza, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali ya Peramiho, amempakia mama nyuma," na makaburini Hilda alilia, watu wakadhani ni uchungu tu, wakamshika mikono, na huko nyuma alipoisikia mara ya kwanza alikuwa anawapelekea wanaume pombe ya komoni, Pankrasi amepona, amekonda kama ufito, anajisifu, akainua macho akamwona mkewe, akasita, na yeye akaweka chombo chini akanyamaza, mtu ametoka kaburini, mwachie apate cha kusema...

"Si yeye," Hilda alisema.

"Nini, Mama?"

"Baba yako alikuwa nyuma. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge. Niliyeendesha ni mimi."

Daimu akaacha kufuta kioo, na Hilda akangoja aibu ije, amemvua marehemu nguo mbele ya muuza pikipiki, akangoja, haikuja, kilichokuja ni tope jekundu la asubuhi ile, pumzi ya moto shingoni mwake, Pankrasi anaweweseka kwa Kingoni anamwita mama yake, na yeye anasali Salamu Maria inakatika katikati maana kona inakuja, na hapo, hapo kwenye mteremko baada ya kona, mvua usoni, gia ya tatu, kilima kizima kinamjia yeye, kinafunguka, akasikia kitu tumboni na kitu kile hakikuwa hofu, Mungu amsamehe, ilikuwa furaha... mume anamfia mgongoni na yeye anafurahi, alitaka kupiga kelele, kumbe hilo ndilo alilolifungia mdomo miaka yote, si uongo wa Pankrasi, uongo wa Pankrasi ulimfaa tu, ulimfunika, na leo amekuja hapa akijidanganya anamfuata marehemu, harufu ya petroli na shati la kaki, wapi, amekifuata kilima... na Pankrasi hakufa siku ile, alifika, akapona, akazeeka, akala ugali wake miaka na miaka, basi ile furaha ilimdhuru nani, haikumdhuru mtu, labda ndiyo iliyomfikisha...

"Kitenge kipi?" Aidan aliuliza polepole, sauti ya utoto.

"Cha njano. Kile nilichokubebea wewe."

Aidan akatazama chini, akacheka kidogo, akafuta jicho kwa kiganja, na Daimu akamgeukia Hilda kwa mara ya kwanza, ufunguo mkononi, "niiwashe, mama, au unashuka kwanza?" na jua bado lilikuwa palepale juu ya bati la duka, na vidole vyake bado vinagusa chini.

"Sishuki," alisema, akaunyoosha mkono. "Lete nitawasha mwenyewe."